Uzi wa beji za kofia za jeshi: geuza mgongo kwanza

#1 · Kusini_Ndiko

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa beji za kofia za jeshi, zile za chuma zinazokaa usoni mwa kofia, pamoja na historia ya vikosi vilivyozivaa. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilikuja kupamba moto huku kwetu mwaka 1917: Lindi, bonde la Lukuledi, Masasi, Newala, hadi Ruvuma. Ndiyo maana kila chuma cha zamani kinachotokea mnadani kinabatizwa jina moja, "cha Mahiwa".

Mahiwa ni karibu na misheni ya Nyangao, njia ya Lindi kwenda Masasi. Walipigana pale kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa na watu wapatao 1,500, na upande wa Mwingereza, uliokuwa na takriban 4,900, ulipoteza karibu 2,700 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea. Jina hilo likitajwa, bei inapanda. Sasa tuone beji inaweza kuthibitisha nini na haiwezi kuthibitisha nini.

Chukua inayouzwa sana kwa hadithi hiyo, ya Royal Fusiliers. Ni guruneti lenye ndimi za moto. Tumboni kuna waridi ndani ya mkanda, na juu ya mkanda taji. Muuzaji atakwambia batalioni ya 25 ya kikosi hicho ilipigana huku, na hapo hadanganyi. Iliundwa mwaka 1915 na Daniel Patrick Driscoll, ikakusanya wawindaji na wazee waliopita umri wa kawaida wa jeshi. Mwindaji maarufu Frederick Selous alikuwa mmoja wao, akauawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Katikati ya mwaka huo batalioni ikaletwa Lindi.

Tatizo liko kwenye beji yenyewe. Karibu batalioni zote za Royal Fusiliers, na zilikuwa makumi, zilivaa guruneti lilelile. Halina namba 25 popote. Kikosi kikaendelea kuishi mpaka mwaka 1968 beji zikiendelea kutengenezwa. Kwa hiyo angalia taji. Kuanzia 1901 hadi 1952, chini ya wafalme, matao ya taji yanapanda na kushuka kama kuba la msikiti, juu ni mviringo mtupu. Baada ya 1952, chini ya malkia, matao yanabonyea katikati kama mgongo wa ngamia mwenye nundu mbili. Guruneti lenye taji la kubonyea haliwezi kuwa la 1917, hata likitolewa kwenye sanduku la nani. Lenye taji la mviringo linaweza kuwa la 1917, la 1935 au la 1944. Hapo ndipo unapogeuza mgongo.

Istilahi kidogo tuelewane. Kamusi nyingine huita "shaba nyeupe" kile ambacho wanunuzi wa vyuma chakavu wanaita brasi. Humu tutumie lugha ya skrepa: kopa ni ile nyekundu, brasi ni ya njano, na nikeli ni ile nyeupe inayofanana na fedha lakini haina fedha ndani yake (ni kopa, zinki na nikeli).

#2 · MlimaMakonde

Mkuu somo zuri. Swali: kuna beji ya baragumu tupu, kamba zimefungwa fundo juu, haina namba wala maandishi. Inasemwa ni ya Keya. Ni kweli?

#3 · Lukuledi_Chini

Keya, yaani King's African Rifles, alama yao ni baragumu kweli, lakini katikati ya kamba kuna namba ya batalioni. Baragumu bila namba lisikuharakishe. Vikosi kadhaa vya Uingereza vya askari wepesi vilivaa baragumu: Durham wameandika jina lao humohumo kwenye kamba na kuweka taji juu, wengine wana maandishi chini. Toa vipimo na picha ya nyuma, tutarudi kwako.

Kuhusu hizo namba, maana watu wanazisoma ovyo. Keya ilianzishwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Afrika Mashariki na Uganda. Batalioni ya 2 ilivunjwa mwaka 1911, kwa hiyo mwaka 1914 zilibaki tatu tu: ya 1, ya 3 na ya 4. Vita ilipokolea namba 2 ikafufuliwa, na kila namba ikazaliwa watoto. Ukikuta imeandikwa 3/2 KAR, ni batalioni ya tatu ya rejimenti ya pili, siyo tarehe wala sehemu ya hesabu. Mpaka vita inaisha batalioni zilifika 22.

Namba 6 ndiyo ya Tanganyika. Ile 6 ya mwanzo ilivunjwa mwaka 1910. Ilipoundwa upya mwaka 1917 iliingiza askari waliokuwa wa Mjerumani na kutekwa, yaani mtu aliyekuwa upande ule mwaka jana, mwaka huu amevaa baragumu. Vita ya pili ikaleta 26 na 36, nazo za Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1961 batalioni ya 6 na ya 26 zikageuka kuwa Tanganyika Rifles, ya kwanza na ya pili. Maasi ya Januari 1964 yakamaliza habari hiyo, na JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba 1964. Kikosi kilichoishi chini ya miaka mitatu hakiachi beji nyingi, kwa hiyo ya Tanganyika Rifles inayouzwa kwa bei ya chai iangalie mara mbili.

Kambi ya Colito pale Dar, Lugalo ya leo, ilichukua jina la Colito ya Ethiopia. Huko ndiko Sajenti Nigel Leakey wa batalioni ya 1/6 alikopigana na vifaru tarehe 19 Mei 1941 na kupata nishani ya ushujaa ya Victoria Cross.

#4 · fundi_brasi

Niingie upande wa chuma.

Beji halali za askari wa kawaida zilipigwa chapa. Bamba jembamba linawekwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu na kugongwa kwa nguvu. Ndiyo maana ukiigeuza, mgongo umebonyea ukifuata sura ya mbele: palipovimba mbele, nyuma ni shimo. Feki nyingi zimemiminwa kwenye kalibu, na mgongo wake uko bapa au una chembechembe kama ngozi ya chungwa. Lete kioo cha kukuzia mara 10, mulika taa kwa ubavu, siyo kwa juu. Ukiona vijishimo vya mapovu ndani ya herufi, au mstari mwembamba unaozunguka ukingo ambao mtu ameupiga tupa, imemiminwa. Matundu ya urembo nayo yanasema. Kwenye halali yamekatwa kwa mashine, kingo kali na kuta zimesimama. Kwenye feki yana kingo za duara kama sabuni iliyotumika, au yamejaa kabisa.

Kuna aina ya tatu inayowapiga hata wazoefu: beji zilizopigwa miaka ya karibuni kwa chapa zilezile za zamani. Sura ni sahihi, mgongo umebonyea vizuri, jina la kiwanda lipo. J.R. Gaunt ni kiwanda cha kweli na beji zake za kweli zipo, lakini jina lake limegongwa pia kwenye slaida (kijiti cha nyuma) za beji hizo za marudio. Kwa hiyo jina la kiwanda peke yake lisikufanye utoe pesa. Chapa iliyochoka hutoa sura laini: manyoya ya ndege hayaonekani moja moja, vito vya taji vimekuwa uji.

Slaida ni kile kijiti bapa cha nyuma kinachoingia kwenye mfuko mdogo wa kofia. Kilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kabla yake, na hata baadaye kwa kofia nyingine, yalitumika masikio mawili, pete ndogo zilizochomelewa, unapitisha kotapini kama ya baiskeli. Slaida ya zamani imechomelewa kwa joto kali na maungio yake yana rangi ya brasi. Ukikuta donge la lehemu ya kijivu inayong'aa, mtu ameibandika baadaye. Huenda beji ni halali ila masikio yalikatika, kwa hiyo tafuta makovu ya masikio pembeni ya slaida. Yakiwepo, bei ishuke. Kofia ya jua ya tropiki haina mfuko wa slaida. Kwenye helmeti hizo mara nyingi walishona kipande cha nguo cha rangi ubavuni badala ya chuma. Kwa hiyo slaida iliyonyooka kama mpya ikiambatana na hadithi ya "ilikuwa kwenye helmeti huko Narunyu", hadithi na kifaa haviongei lugha moja.

Jambo jingine linaloweka tarehe: beji za rangi mbili, brasi na nikeli, mwaka 1916 zilipigwa kwa brasi tupu ili kuokoa nikeli ya vita. Ukikuta beji ambayo kwa kawaida ni ya rangi mbili lakini yote ni ya njano, usidhani ni feki. Huenda ndiyo ya vita hasa.

#5 · Shangani_Beach

😂😂 "sabuni iliyotumika". Mkuu umenipa kipimo nitakachokikumbuka.

Swali la usafi. Mtaani dawa ya brasi ni ndimu na majivu, au ukwaju, kama wanavyosugua masinia. Beji nayo?

#6 · fundi_brasi

Hapana. Sinia unalitaka ling'ae leo, na wiki ijayo utasugua tena. Beji ina unene mdogo na sura ya kuchongwa, kila ukisugua unaondoa pua ya simba.

Kikemia ni hivi. Brasi ni kopa na zinki, na asidi ya ndimu au ukwaju inakula zinki kwanza. Ukiona uso umebaki na mabaka ya waridi, hilo siyo vumbi, ni kopa iliyoachwa peke yake, na hairudi. Majivu ni msasa. Dawa za kopo za kung'arishia zenye harufu kali ya amonia ni mbaya zaidi kwa beji iliyopindwa au kuchomelewa, kwa sababu amonia hupasua brasi yenye mkazo ndani yake. Waingereza walilijua hilo India: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa jirani na mazizi ya farasi msimu wa mvua yalipasuka yenyewe kwa amonia ya mkojo wa farasi.

Utaratibu wa kufuata: maji yaliyochemshwa kwa mvuke na kukusanywa, lita moja yanatosha beji kumi. Yanauzwa kama maji ya betri, lakini soma lebo, kwa sababu dukani chupa ya asidi ya betri inakaa bega kwa bega na ile ya maji na muuzaji anaita zote "maji ya betri". Weka tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Loweka dakika 20, pitisha mswaki laini wa mtoto, na kwenye kona tumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kamwe si pini. Suuza mara mbili kwa maji hayohayo safi. Kausha kwa taulo lisilotoa nyuzi, halafu feni, saa nzima, maana maji yanajificha chini ya slaida. Mwisho paka nta ngumu nyembamba isiyo na rangi, kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa beji moja, ing'arishe kwa kitambaa. Rangi ya kahawia ya uzee iache, wanunuzi wanailipia.

Iliyopakwa dhahabu juu, ya maafisa, ishie kwenye maji na sabuni. Vivyo hivyo zile za alumini yenye rangi zilizoanza baada ya vita ya pili: zikisuguliwa rangi inatoka na ndani ni nyeupe.

#7 · MlimaMakonde

Na ile kijani?

#8 · fundi_brasi

Kijani ni mbili. Kijani kigumu, kimeshika, hakitoki kwa ukucha: kimelala, kiache. Kijani cha kung'aa cha unga, kama chaki, kinachorudi wiki mbili baada ya kufutwa: hicho ni ugonjwa. Chumvi ya bahari imeingia kwenye chuma, na kila unyevu unapopanda inaamka na kula tena. Huku pwani ndiyo adui namba moja.

Futa unga kwa kijiti, loweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi, badilisha maji kila siku kwa wiki mbili au tatu, kisha ikauke kabisa na ikae pakavu maisha yake yote. Kuna watu wanatumia soda inayoitwa sesikaboneti, nayo kwa asili ndiyo magadi. Lakini magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, na utakuwa unamlisha mgonjwa kilichomuua. Waachie maabara.

#9 · Shangani_Beach

Kuhifadhi hapa Mtwara, nyumba iko mita mia tatu kutoka baharini?

#10 · fundi_brasi

Kopo la plastiki la chakula lenye kifuniko cha mpira kinachobana. Lita 5, ndani gramu 50 hadi 100 za silika jeli ya chungwa (ile ya bluu ina kobalti, iache), na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga chini ya asilimia 40. Kuanzia Desemba hadi Aprili itakunywa haraka. Rangi ikibadilika, iweke ovenini nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, irudishe. Usifungue kopo siku ya mvua kuonyesha wageni.

Usitumie albamu za nailoni laini zenye harufu kama ya mapazia ya bafuni. Hiyo ni PVC, ikizeeka inatoa asidi na kuacha utando wa kijani unaonata. Kitambaa cha sufu na raba bendi vina salfa, vinaifanya nikeli na fedha kuwa nyeusi. Droo ya mbao mbichi nayo inatoa asidi. Na tafadhali, siyo ghala la korosho: mafuta ya ganda yanayochubua mkono wa mbanguaji hayatailea beji.

#11 · Ruvuma_Kivuko

Mmemsahau Mjerumani na Mreno.

Askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, hawakuwa na beji ya kikosi kwa maana ya Kiingereza. Walivaa tarbushi ya kaki yenye tai wa dola wa chuma cheupe mbele. Wazungu wao walivaa kofia pana yenye duara la nyeusi, nyeupe na nyekundu. Rangi ya pindo ndiyo ilitaja koloni: nyeupe Afrika Mashariki, bluu Afrika Kusini Magharibi, nyekundu Kamerun. Tai wa tarbushi ndiye mnyama anayezaa kuliko wote, nakala zake hazihesabiki. Uangalie mgongo kama fundi alivyosema, halafu uangalie masikio.

Mreno alivuka Ruvuma mwaka 1916, akashika boma la Newala mwezi Oktoba na kufukuzwa Novemba. Kifungo au beji ya Kireno inajipa tarehe yenyewe: ufalme wao ulianguka mwaka 1910, kwa hiyo ngao yenye taji ni ya kabla ya hapo, na ngao iliyokaa juu ya tufe la pete za mabaharia ni ya jamhuri.

Ukiacha hao, Mahiwa walipigana pia Wanigeria. Alama ya jeshi lao la Afrika Magharibi ilikuwa mti wa mchikichi na herufi W.A.F.F. Ikiwa na R mbele, RWAFF, ni ya 1928 na kuendelea, walipopewa jina la kifalme. Herufi moja, miaka kumi na moja nje ya Mahiwa. Wahindi wengi walivaa vilemba bila beji. Cha kwao kinachopatikana zaidi ni herufi za brasi za begani.

#12 · Kusini_Ndiko

Ngojeni niweke la sheria kabla uzi haujafungwa.

Beji na sare za JWTZ hazijadiliwi humu, haziuzwi humu, hazipigwi picha humu. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi yake kuyasalimisha. Usijitetee kwamba wewe ni mkusanyaji. Hata ya zamani usiivae barabarani, kwa sababu askari wa doria hana kioo cha mara 10.

Kuchimba: Mahiwa, Narunyu na Tandamuti siyo shamba la kuvuna. Kuna mifupa ya watu, wengi wao wapagazi ambao hawakuwahi kupewa beji yoyote. Jina la Kariakoo limetokana nao, Carrier Corps. Uchimbaji wa mambo ya kale unahitaji leseni chini ya sheria ya 1964. Na kuna makombora ambayo hayajalipuka: mizinga ya sentimita 10.5 ya Königsberg, meli ya kivita ya Mjerumani, ilitembezwa nchi kavu. Ganda lenye ncha usiliguse, usilipime, toa taarifa polisi.

#13 · Lukuledi_Chini

Waliokwenda Bama (Burma) nao wasisahaulike. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ya kitambaa, begani. Miaka hiyo ya vita ya pili ndiyo Uingereza ilipotoa beji za plastiki, kahawia au kijivu, kuokoa chuma. Zilitengenezwa na A. Stanley & Sons wa Walsall miongoni mwa wengine. Usizipitishie spiriti wala kuziacha juani, zinajikunja.

#14 · MlimaMakonde

Vipimo nilivyoombwa: chuma cheupe, baragumu na kamba zenye fundo, hakuna taji, hakuna herufi. Nyuma imebonyea, slaida moja ya brasi, maungio ya njano, hakuna donge la kijivu. Makovu ya masikio hayapo.

#15 · Lukuledi_Chini

Hiyo siyo Keya. Ni Oxfordshire and Buckinghamshire Light Infantry. Ndio waliovaa baragumu la nikeli tupu bila neno. Jina hilo walilibeba kuanzia 1908 hadi 1958, na ndio walioteka daraja la Pegasus Ufaransa usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944. Kwa kuwa haina taji, kipimo cha taji hakitakusaidia, tarehe itatoka kwenye slaida tu. Muuzaji kama alitaja Keya, punguza bei kwa hilo.

#16 · fundi_brasi

Piga tena picha ya mgongo, simu iwe juu, tochi iwe ubavuni upande wa kushoto. Nataka kuona kama nyuzi za kamba zinasomeka kwa nyuma pia, au zimefutika.